Wale watoto walikwenda wapi?

Jumapili iliyopita nilikuwa Kongwa. Nilikwenda kumsalimia bibi, na kama mjuavyo, ukilala kwa bibi Jumamosi basi Jumapili hakuna mjadala, saa tatu uwe umeoga na uko kanisani. Mhubiri alikuwa mgeni, kijana mwenye sauti nzuri, na somo lake lilikuwa Nehemia. Alipotaja tu hilo jina nikajua leo tunatoa hela. Mliokulia makanisani mnanielewa. Kila kanisa linapotaka kupaua, Nehemia hutolewa kabatini. Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa siku 52, kila mtu alijenga mbele ya nyumba yake, sasa wewe bati lako liko wapi? Nikatoa elfu kumi yangu, roho ikaniuma kidogo, yakaisha.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mjomba akaniuliza, "Wewe si ulisoma historia Mlimani? Kile kitabu kinachomtangulia Nehemia, cha Ezra, ulishawahi kukisoma mpaka mwisho?"

Nikamwambia ukweli, sijawahi.

"Kasome sura ya kumi. Halafu uje uniambie wale watoto walikwenda wapi."

Basi nimesoma. Wiki nzima nimesoma hiyo sura na vitabu vya wanazuoni vinavyoihusu, badala ya kumaliza habari ya bei ya mtama ambayo mhariri wangu anaisubiri. Haya niliyoandika hapa ni majibu ya mjomba, ila nimeyaandika kwa wote kwa sababu naona yanatuhusu wengi kuliko tunavyodhani.

Kwanza mjomba mwenyewe. Alizaliwa Kongwa mwaka 1967, mtoto wa kwanza wa bibi. Baba yake hakuwa Mgogo wala Mkaguru. Mnakumbuka kwamba kuanzia mwaka 1964 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini eneo la kambi pale Kongwa, chini ya Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na wengineo. Vijana wa miaka ishirini na kitu, mbali na kwao, wanafanya mazoezi ya kijeshi kwenye vumbi la Ugogo wakisubiri siku ya kurudi. Na kijijini kulikuwa na wasichana. Bibi alikuwa na miaka kumi na tisa. Sitataja chama cha yule bwana wala nchi yake, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Inatosha kusema kwamba siku moja kundi lake lilihamishwa, naye akaondoka, na mjomba alikuwa bado hajaanza kutembea.

Sasa tuingie kwenye Ezra. Historia yenyewe kwa kifupi ni hii. Wababeli walibomoa Yerusalemu na hekalu lake mwaka 586 KK (wengine wanahesabu 587) na kuwachukua wakubwa wa nchi uhamishoni. Mwaka 539 KK Koreshi Mwajemi akauteka Babeli bila taabu kubwa, na waliotaka kurudi wakaruhusiwa. Hekalu jipya likakamilika mwaka 515 KK wakati wa Dario. Nehemia alifika mwaka 445 KK akitokea Shushani, jumba la mfalme, akiwa na barua za Artashasta mkononi. Ezra alimtangulia mwaka 458 KK, au alikuja baada yake mwaka 398 KK. Inategemea Artashasta yupi anasemwa, wa kwanza au wa pili, na kuhusu hilo maprofesa wamegombana zaidi ya miaka mia moja. Yupo Mmarekani mmoja, Charles Torrey, ambaye tangu mwaka 1896 alishikilia kwamba Ezra ni mtu wa kubuniwa tu. Wengi hawakumfuata huko.

Sura ya kumi inasimulia mkutano. Ni mwezi wa tisa, mvua inanyesha, watu wamekaa kwenye uwanja wa hekalu wanatetemeka, kwa mvua na kwa hofu. Wameambiwa kwamba asiyekuja ndani ya siku tatu atanyang'anywa mali. Ajenda ni moja: wanaume waliorudi kutoka uhamishoni wameoa wanawake wa kigeni, na inatakiwa wawaache, wao na watoto wao. Wachache wanapinga, majina yao yametajwa harakaharaka na hatusikii tena habari zao. Tume inaundwa, inafanya kazi kwa miezi mitatu, inatoa orodha ya wanaume zaidi ya mia moja. Wanawake hawakutajwa hata mmoja kwa jina. Watoto ndiyo kabisa.

Halafu kitabu kinaisha. Hapohapo. Na kinachoshangaza ni kwamba aya ya mwisho kabisa, ile inayotaja wake na watoto, Kiebrania chake hakieleweki. Neno kwa neno inasema kitu kama kwamba miongoni mwao kulikuwa na wanawake na wakaweka watoto. Waliweka wapi? Nani aliweka? Lipo toleo la zamani la Kigiriki la habari hizi, linaitwa Esdra wa Kwanza, na lenyewe linasema wazi kwamba waliwafukuza pamoja na watoto. Watafsiri wengine hufuata hilo. Wengine wanasema huyo Mgiriki naye alikuta maneno yamevurugika akayanyoosha kwa kubahatisha. Kwa hiyo mjomba, jibu la kwanza la wataalamu ni kwamba swali lako limeangukia palepale ambapo maandishi yameharibika.

Ila wataalamu hawakuishia hapo, na hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Swali la kwanza waliloliuliza ni hili: hao wanawake walikuwa wageni kweli? Kitabu cha Ezra kinaongea kana kwamba Wayahudi wote walikwenda Babeli, nchi ikabaki tupu, kisha wote wakarudi. Mwaka 1996 Hans Barstad, msomi wa Norway, alitoa kitabu kizima akibishana na hiyo habari ya nchi tupu. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaona kwamba kaskazini mwa Yerusalemu, maeneo ya Benyamini, maisha yaliendelea. Wakulima walibaki. Walilima, walizaa, walizika wafu wao na kumwabudu Mungu yuleyule. Waliporudi wajukuu wa wale waliochukuliwa, waliwakuta hawa wapo mashambani. Sasa nani mwenye nchi? Vitabu vya Ezra na Nehemia vina jina kwa waliobaki: watu wa nchi. Na jina hilo kwenye vitabu hivyo si la sifa. Ndiyo kusema baadhi ya hao wake wa kigeni yawezekana sana walikuwa binti za watu ambao hawakuondoka kamwe.

Sisi wa Dodoma tunalijua hili la nchi tupu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa hiyohiyo na matrekta, wameona kwenye ramani eneo kubwa lisilo na kitu, watalima karanga za kuondoa njaa ya mafuta Ulaya. Hawakujiuliza kwa nini Wagogo, watu wenye akili zao, walikuwa wanafuga pale badala ya kulima karanga. Mvua ikagoma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mwaka 1951 wakafunga virago baada ya kuteketeza kama pauni milioni 36. Miaka kumi na tatu baadaye wapigania uhuru wakapewa kambi humohumo, kwenye mabaki ya mradi.

Na Nehemia naye ana kipande ambacho nikikisoma nacheka peke yangu. Baada ya ukuta kukamilika anaandika kwamba mji ulikuwa mpana lakini watu ndani yake wachache, na nyumba hazijajengwa. Suluhisho lao likawa kupiga kura, mtu mmoja katika kila kumi ahamie mjini, na waliojitolea kwa hiari yao wakabarikiwa. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Katikati hapo, miaka arobaini na mitatu, mji mpana na watu wachache! Kama waliohamia wa kwanza walibarikiwa sijui, ila habari za posho ziliandikwa sana. Wachimbaji nao wanasema Yerusalemu ya Nehemia ilikuwa kijiji tu kwa macho yetu. Oded Lipschits wa Tel Aviv anakadiria watu kama 1,500, mwenzake Israel Finkelstein anasema hata hao ni wengi, walikuwa mia chache. Linganisheni na ile orodha ya waliorudi iliyomo kwenye Ezra na Nehemia, watu 42,360. Wengi wanaona orodha hiyo imekusanya watu wa vizazi kadhaa, au ni sensa ya jimbo zima.

Swali la pili la wataalamu ni kwa nini ilikuwa lazima wanawake waondoke. Wa kanisani kwetu angejibu kwamba ni dini, wangewavuta waume zao kwenye miungu mingine. Kitabu chenyewe kinasema hivyo. Lakini Tamara Eskenazi, mama mmoja msomi wa Kiyahudi, mwaka 1992 alileta jambo ambalo mimi mwandishi wa migogoro ya ardhi nilipolisoma nilisimama nikatembea kidogo. Alisema ardhi. Kwenye karatasi za Wayahudi wa wakati uleule waliokuwa wanaishi Misri tunaona wanawake walirithi na kumiliki mali. Kama na Yerusalemu mambo yalikuwa hivyo, basi kumwoa mwanamke wa nje ni kufungua mlango wa shamba la ukoo kwenda kwa watu wengine. Ukiwafukuza mama na watoto, shamba linabaki.

Subirini kidogo, hizo karatasi za Misri nitazirudia.

Kwanza niwapeleke Nairobi. Mwaka 1990 ulianza kwa kishindo. Tarehe 2 Februari ANC ikafunguliwa, tarehe 11 Mandela akatoka gerezani, tarehe 21 Machi Namibia ikawa huru, baada ya zaidi ya watu 40,000 kurudishwa kwao mwaka uliotangulia kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. (Ndiyo, namba inakaribiana na ya Ezra. Msinitafutie unabii hapo, ni namba tu.) Tarehe 30 Machi, siku tisa baada ya uhuru wa Namibia, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jesse Mugambi, alisimama mbele ya viongozi wa Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote akawaambia kwamba wakati umebadilika. Tangu miaka ya sitini makanisa ya Afrika yalikuwa yanasoma kitabu cha Kutoka: Farao ni mkoloni, Musa ni Nyerere au Nkrumah, bahari ya Shamu ni siku ya bendera. Mugambi akasema Farao amekwisha, sasa tusome habari za kujenga upya, tumsome Nehemia. Mwaka 1995 akayatoa kwa kitabu kilichoenea sana. Afrika Kusini kulikuwa na Charles Villa-Vicencio ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu chenye wazo la namna hiyo, na Kongo alikuwepo Kä Mana, aliyefariki Goma mwaka 2021, naye akihubiri ujenzi mpya.

Nakiri wazo hili lilinivutia. Ni la mtu anayetaka watu waache kulia waanze kazi. Na Nehemia ana mazuri yake. Sura ya tano maskini wanalalamika kwamba wameweka mashamba rehani kwa ajili ya chakula na kodi ya mfalme, watoto wao wanakwenda utumwani, na wanaowakopesha ni ndugu zao. Nehemia anakasirika, anawabana wakubwa wanarudisha mashamba. Yeye mwenyewe miaka kumi na miwili ya ugavana hakula fungu la gavana. Niwaulize, mnamjua mkuu wa wapi aliyekataa fungu lake?

Lakini mwaka 2002 msomi wa Afrika Kusini, Elelwani Farisani, akawauliza kina Mugambi swali la adabu lakini zito. Mmechukua kitabu kama kilivyo bila kuangalia kimeandikwa na upande gani. Kimeandikwa na waliorudi. Waliobaki, watu wa nchi, wanaonekana humo kama adui, kama uchafu, kama wavivu wa kujenga. Walipokuja mwanzoni kusema nasi tujenge hekalu pamoja nanyi, walikataliwa. Sasa ukikifanya kitabu hicho kiwe mwongozo wa kuijenga Afrika bila kukipekua, umeshachagua nani atajenga na nani atafukuzwa, tena umechagua bila kujua. Farisani hakusema tukichome. Alisema tuwatafute humo wale ambao sauti zao zimezimwa.

Mimi niko na Farisani. Nampenda Mugambi, lakini niko na Farisani, na sababu yangu iko Kongwa, inavaa koti la kaki na kusoma somo la kwanza Jumapili.

Maana walipoanza kurudi makwao wale wa kusini, nani alihesabu waliobaki huku? Kuna utafiti. Christian Williams aliandika mwaka 2011 juu ya maisha ya kila siku katika kambi ya SWAPO Kongwa, wakiwamo wanakijiji na mahusiano yao na wanakambi. Mwaka 2014 Arianna Lissoni na Maria Suriano walitoa makala kuhusu wanawake wa Kitanzania waliozaa au kuolewa na wanachama wa ANC. Shule ya ANC ya Mazimbu, Morogoro, ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Baadhi ya wanawake waliwafuata waume zao kusini, wengine wakabaki na watoto. Si habari ya mtu mmoja, wala ya chama kimoja, ndiyo maana sikutaja.

Na kuna jambo la majina. Ezra sura ya pili ina orodha ya waliorudi, ukoo kwa ukoo, na katikati wapo watu walioshindwa kuonyesha ukoo wao. Familia nyingine zilikuwa za makuhani, wakatafuta majina yao kwenye vitabu vya nasaba hayakuonekana, wakatolewa kwenye ukuhani. Mjomba ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Miaka ya karibuni nilimsaidia kuandika barua kwenda ofisi moja ya nchi ile, na nyingine, na nyingine tena. Hakuna jibu. Baadaye mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kambini akatuambia kitu ambacho tulipaswa kukijua, kwamba vijana wale walikuwa na majina ya vita. Walipewa walipoingia jeshini ili ndugu zao kule nyumbani wasidhurike. Jina analolibeba mjomba, ambalo na watoto wake wanalo, na mjukuu wake mdogo wa chekechea analo, haliko kwenye ukoo wowote duniani. Lilianzia kambini.

Bibi nilimuuliza. Anasema hakuna siku alidanganywa. "Aliniambia hili jina si langu, langu nitakupa siku nikirudi."

Sasa karatasi za Misri. Kwenye mto Nile, karibu na Aswan, kuna kisiwa kinaitwa Elephantine. Karne ya tano KK, wakati uleule wa Ezra na Nehemia, Waajemi walikuwa na ngome pale, na miongoni mwa askari wake walikuwemo Wayahudi. Waone vizuri: ni kambi ya wanajeshi wa kigeni katika ardhi ya Afrika, na wake na watoto wao wako nao. Walikuwa na hekalu lao la Mungu wa Israeli palepale kisiwani, jambo ambalo Torati ingewakataza, na hawaonekani kuwa na wasiwasi nalo. Mwaka 410 KK hekalu hilo likabomolewa, makuhani wa Misri wakishirikiana na mkuu wa Kiajemi wa eneo lile. Mwaka 407 KK wakaandika barua kwa gavana wa Yuda kuomba msaada wa kulijenga tena. Na kwenye barua hiyohiyo wanasema wameandika pia kwa wana wa Sanbalati, gavana wa Samaria. Sanbalati! Yule ambaye Nehemia anamwonyesha kama adui mkubwa wa ukuta. Watu wa Elephantine waliziona pande zote mbili kuwa ndugu wa kuombwa msaada.

Mwaka 1893 Mmarekani mmoja, Charles Edwin Wilbour, alinunua pale Aswan furushi la mafunjo. Akafa baada ya miaka mitatu, mafunjo yakakaa sandukuni miaka hamsini, hatimaye yakaingia jumba la makumbusho la Brooklyn na kuchapishwa mwaka 1953. Yalikuwa ni hati za familia moja. Baba anaitwa Anania, mtumishi katika hekalu. Mwaka 449 KK, miaka minne kabla Nehemia hajafika Yerusalemu, Anania aliandika mkataba wa ndoa na mwanamke Mmisri, tena mtumwa, jina lake Tamet. Jina lipo, limeandikwa kwa wino. Mwaka 427 KK bwana wake Tamet akamwandikia hati ya uhuru, yeye na binti aliyezaa na Anania, Yehoishema. Binti huyo naye akaja kuolewa kwa mkataba mrefu unaotaja kila kitu mpaka vioo na vyombo vya ndani. Na mwaka 404 KK Anania, mzee sasa, akamwandikia Yehoishema sehemu ya nyumba, iliyokuwa ng'ambo ya njia kutoka hekaluni. Tamet mwenyewe, Mmisri yule, hati za mwishoni zinamwita mtumishi wa Yaho, yaani wa Mungu wa hekalu lile.

Mnaona tarehe? Miaka hiyohiyo ambayo Nehemia anaandika kwamba alikuta watoto wa Wayahudi nusu yao wanaongea Kiashdodi hawajui lugha ya kwao, akawapiga baba zao na kuwang'oa nywele, huku kwetu Afrika Myahudi wa hekaluni anamgawia nyumba binti wa Mmisri. (Mimi Kigogo changu kinaishia mbukwenyi. Nehemia angeanza na nywele zangu.)

Na hata ndani ya Biblia kwenyewe ubishi upo. Sehemu za mwisho za Isaya, ambazo wanazuoni wengi wanaziweka baada ya uhamisho, zinamwambia mgeni aliyejiunga na Mungu asiseme kwamba atatengwa. Malaki anawakaripia wanaume wanaowaacha wake wa ujana wao, ingawa aya chache kabla anawakaripia pia kwa kuoa nje, kwa hiyo msimwite wakili wenu haraka. Ruthu, Mmoabu, anafanywa bibi mzaa babu wa Daudi. Wengine wanasema kitabu hicho kiliandikwa kumjibu Ezra, wengine wanasema ni cha zamani zaidi. Mimi naona hata kama hakikuandikwa kwa kusudi hilo, waliokiweka kwenye mkusanyiko mmoja na Ezra walijua wanafanya nini.

Nirudi nyumbani nimalize. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 bei ya ardhi imepanda mpaka huku Kongwa, wapimaji wanapita, mambomba ya vigingi kila mahali. Bibi ana ekari tatu karibu na barabara, alizopewa na baba yake. Anataka kumwachia mjomba, kwa sababu ndiye aliyezilima naye tangu akiwa mtoto. Miaka yote wazee wa ukoo walikuwa wanasema kwamba mtoto ambaye ng'ombe wa mahari hawakutoka ni wa kwa mama yake, huyu ni wetu. Mwaka jana viwanja vya jirani vikauzwa. Tangu hapo nimesikia neno jipya kwenye vikao vya familia. Watoto wa kaka zake bibi wanamwita mtoto wa mkimbizi. Kikao cha mwisho mmoja wao, mtu ninayemheshimu, alisema mwenye kwao aende kwao.

Kwao wapi?

Juzi usiku nilimpigia mjomba simu. Nikamweleza yote, aya iliyoharibika, Farisani, ardhi. Akasikiliza bila kusema neno. Nilipofika kwa Anania na Tamet akanikatiza.

"Hiyo nyumba ya binti, mipaka waliiandika?"

"Waliiandika mjomba, pande zote nne, na majina ya majirani."

"Na mashahidi?"

"Wapo. Majina yao yako mwishoni mwa hati."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Aliandika akiwa bado hai, huyo mzee."

"Ndiyo."

"Basi njoo Jumamosi, bibi yako anaamka mapema. Uje na kalamu nzuri na karatasi. Na huko njiani utafute watu wawili wa heshima ambao si wa ukoo wetu."

Wawili nimeshawapata, mmoja ni yule mzee wa kambini. Kesho nachukua gari la kwanza la Kongwa.